Asubuhi Majini, Mchana Nchi Kavu: Kulijua Ziwa Kabla ya Kumpandisha Mgeni Mashuani

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa waelekezi wa watalii, waendesha mashua na vikundi vya usimamizi wa fuo katika Kaunti ya Homa Bay. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili yawafaidi pia wenye nyumba za wageni, wahudumu wa magari na wakazi wa visiwani.



Mgeni anayefika Homa Bay huuliza maswali mawili. La kwanza ni: kuna nini cha kuona? La pili ni: tunaondoka saa ngapi? Swali la kwanza lina majibu mengi, kwa sababu kaunti hii ina visiwa, milima, mbuga, ziwa dogo la ajabu na mawe yenye historia ndefu kuliko ya ziwa lenyewe. Swali la pili lina jibu moja tu, na anayelitoa si mgeni mwenye pesa wala mwenye mashua. Anayelitoa ni ziwa.

Lengo la mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba maswali hayo mawili ni swali moja. Umbo la ziwa na upepo wake ndivyo vinavyoamua kivutio gani kitembelewe asubuhi na kipi kiachiwe mchana. Mwelekezi anayelijua hilo huwarudisha watu wote nyumbani salama, na juu ya hayo hupata kipato kikubwa zaidi kuliko yule anayekimbizana na nauli ya saa tisa alasiri.

Ziwa lilivyo

Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na Waganda huliita Nalubaale, ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Duniani, kati ya maziwa ya maji baridi, ni la pili kwa ukubwa wa eneo, likitanguliwa na Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Eneo lake ni takriban kilomita mraba 68,000. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina sehemu kubwa ya iliyobaki, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu. Uso wa maji uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana usiku wa Mbita huwa na ubaridi kidogo ingawa ikweta iko karibu.

Pamoja na upana huo wote, ziwa hili si la kina kirefu. Mahali penye kina kikubwa kabisa hapazidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika linashuka zaidi ya mita 1,400. Tofauti hiyo inatokana na namna maziwa hayo yalivyozaliwa. Tanganyika imo ndani ya Bonde la Ufa, kama maji yaliyojaa kwenye ufa wa ardhi. Victoria liko katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba yapata miaka 400,000 iliyopita ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko ilizuiwa, na maji yakatandaa kwenye uwanda. Kwa hiyo ziwa hili linafanana na sinia kuliko mtungi. Yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, sinia hilo lilikauka, kisha mvua ziliporudi likajaa upya.

Maji ya ziwa hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka mitoni. Ni kweli kwamba upande wa Kenya mito ya Sio, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja huleta maji mengi, lakini sehemu kubwa zaidi huanguka moja kwa moja juu ya ziwa kama mvua. Vivyo hivyo, sehemu kubwa ya maji yanayopotea hupanda angani kwa jua, na yanayobaki hutoka Jinja, Uganda, na kuanza safari ya Mto Nile. Kwa kuwa ziwa linategemea mvua kiasi hicho, miaka ya mvua nyingi hulipandisha haraka. Mwaka 2020 maji yalifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Fuo nyingi zilifunikwa na familia nyingi zikahama. Ufuo ambao mgeni aliuona miaka mitano iliyopita huenda haupo tena pale alipouacha.

Ziwa moja, tabia tatu

Mtu anayesimama Homa Bay mjini na kutazama maji anaweza kudhani anatazama Ziwa Victoria lote. Anachotazama ni Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa ziwa unaoingia nchi kavu kwa takriban kilomita 60 hadi Kisumu. Kwa mwendesha mashua, kuna maji ya namna tatu, na kila namna ina tabia yake.

Ya kwanza ni ghuba yenyewe. Ghuba haina kina kirefu, na sehemu nyingi ni mita chache tu. Wageni wasiojua maji hudhani kwamba maji mafupi ni maji salama. Mvuvi anajua sivyo. Upepo mkali ukipiga juu ya maji mafupi, mawimbi huwa yamebanana na yenye mgongo wima. Mashua haipati nafasi ya kupanda na kushuka taratibu. Inapigwa, inajaa maji na kupigwa tena kabla haijakaa sawa.

Ya pili ni mkondo ulio kati ya ghuba na ziwa kuu, pale Mbita, Rusinga na Luanda Kotieno. Hapo maji ya ghuba na ya ziwa hukutana. Njia ni nyembamba, kina kinaongezeka, na maji husukumana. Katika miaka ya 1980 tuta lilijengwa kuunganisha Mbita na Kisiwa cha Rusinga, likafunga njia ya maji upande huo. Baadaye daraja lilijengwa ili maji yapite tena. Sasa gari linafika Rusinga bila kupanda kivuko, jambo ambalo lina maana kubwa katika mpango wa safari, kama itakavyoonekana mbele.

Ya tatu ni ziwa kuu, kuanzia Mfangano na Takawiri kuelekea magharibi, na pwani ya Suba chini ya milima ya Gwassi. Huko upepo una mamia ya kilomita za maji matupu za kujijengea nguvu. Wimbi linalofika Mfangano huenda lilianzia mbali sana, mahali ambapo anga ya Homa Bay haionyeshi dalili yoyote.

Upepo una saa zake

Upepo wa ziwa hufuata kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa. Mchana, jua huipasha ardhi joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa kutoka ziwani. Huanza polepole kadiri jua linavyopanda na hukaza alasiri. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya pepo hizo mbili, hasa asubuhi, huwa na kipindi cha utulivu.

Mvua hufuata mkondo huo huo. Hewa yenye unyevu inayosukumwa nchi kavu mchana hugonga nyanda za juu za Kisii, Kericho na Nandi, na ndiyo sababu ngurumo za huko ni za alasiri. Usiku hewa hukusanyika juu ya ziwa lenye joto, na dhoruba huzaliwa majini. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana. Wavuvi wanaotoka usiku hukutana nazo, na wakati mwingine dhoruba iliyozaliwa usiku hubaki ikizunguka ziwani hata alfajiri.

Kwa hiyo kanuni ya "asubuhi majini" ina sharti lake. Asubuhi huwa bora kuliko alasiri siku nyingi, si kila siku. Katika msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, na wa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, tahadhari iongezwe. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri maalumu wa Ziwa Victoria. Mwelekezi aupate jioni kabla ya kulala na autazame tena asubuhi kabla ya kuondoka, kisha awaulize wavuvi waliorudi alfajiri. Utabiri na macho ya mvuvi havipingani. Kimoja hukamilisha kingine.

Jambo jingine linalosukumwa na upepo ni gugumaji. Mmea huu ulioenea ziwani tangu miaka ya 1990 hauna makao. Leo umejaza ghuba ndogo moja, kesho umehamia nyingine. Upepo wa alasiri waweza kufunga mwalo ambao asubuhi ulikuwa wazi, na mashua iliyozingirwa na gugumaji lililoshikamana huweza kukwama kwa saa nyingi, huku panga la injini likijaa mizizi. Kabla ya kuondoka, anayeendesha mashua aulize gugumaji limelala wapi, na ajue mwalo wa pili atakaoutumia endapo ule wa kwanza utafungwa.

Vya asubuhi: visiwa na ndege

Baada ya kulielewa ziwa, vivutio hujipanga vyenyewe. Vya majini ni vya asubuhi.

Mfangano ndicho kisiwa kikubwa cha upande huu, nyumbani kwa Abasuba, chenye mlima katikati na vijiji vilivyokizunguka kando ya maji. Huko Mawanga na Kwitone kuna michoro ya kale kwenye miamba: duara ndani ya duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu wanaihusisha na wawindaji wa zamani wa jamii ya Watwa, walioishi hapa kabla ya wakulima na wavuvi wa leo. Michoro imedumu muda wote huo kwa sababu wenyeji waliiheshimu na kuihusisha na mvua na baraka. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoko kisiwani, hueleza historia hiyo. Mwelekezi awaombe wageni wasiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Kilichodumu karne nyingi kinaweza kuharibiwa kwa ajili ya picha moja.

Kutoka Mbita hadi Mfangano ni mwendo wa takriban saa moja hadi moja na nusu kwa mashua ya kawaida. Njiani kuna Takawiri na mchanga wake mweupe, na visiwa vidogo vya mawe vilivyojaa minandi na yangeyange. Kwazi, tai mla samaki, hukaa juu ya miti ya ufuoni na mlio wake husikika mbali. Anayependa ndege hana haja ya kuambiwa kwamba asubuhi ni bora, kwa sababu ndege wenyewe huchangamka saa hizo.

Kandokando ya ghuba, palipobaki vichaka vya mafunjo, kuna ndege ambao hawaishi kwingine ila ndani ya mafunjo. Mmoja ana mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano. Wako watu wanaosafiri kutoka mabara mengine kwa ajili ya kumwona huyo mmoja tu. Mafunjo pia ni malezi ya samaki wadogo, huchuja udongo unaoletwa na mito na huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika shambani. Kukata kwa kiasi kwa ajili ya mikeka na mapaa ni kazi ya miaka mingi na haina ubaya. Kufyeka ufuo mzima ili nyumba ya wageni ipate mandhari ya maji ni kumfukuza mgeni yule yule anayengojewa.

Vya mchana: nchi kavu

Jua linapopanda na upepo kukaza, nchi kavu ina mengi ya kumpa mgeni.

Rusinga hufikika kwa gari. Ndiko Mary Leakey alikopata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Mabaki hayo yalihifadhiwa na majivu ya volkano ya Kisingiri, ambayo ilizimika zamani na mabaki yake ndiyo milima inayoonekana upande wa kusini. Huko huko Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa na kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi, na mgeni Mkenya hasa huondoka pale akiwa kimya.

Rasi ya Homa, upande wa Karachuonyo, ina hadithi ya zamani zaidi inayohusu binadamu. Huko Nyayanga watafiti walifukua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yanakadiria umri wa zana hizo kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwelekezi anaweza kumwambia mgeni jambo ambalo hatalisahau: viumbe wa jamii ya binadamu walikuwa wakichinja kiboko mahali hapa kabla ziwa hili halijakuwapo.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililojaa ndani ya kreta ya volkano, mahali ambapo heroe hutua kwa makundi. Wazee husimulia kwamba palikuwa kijiji. Bibi kizee alifika usiku wa sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa, ila mwanamke mmoja akamkaribisha. Mwanamke huyo aliambiwa aondoke na watu wake, na usiku huo maji yakakimeza kijiji. Hadithi hiyo haihitaji kuongezwa chumvi. Isimuliwe pale pale ukingoni, upepo wa alasiri ukivuma.

Bonde la Lambwe lina Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita mraba 120. Kwa miaka mingi mbung'o waliwafanya watu na mifugo kuliepuka bonde hilo, na wanyama wakapata nafasi. Lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ruma ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo korongo, yule mnyama mkubwa wa jamii ya paa mwenye masikio marefu na uso wa weusi na weupe, bado anaishi porini. Wamebaki wachache sana. Wapo pia twiga, taya na vifaru, na takriban kati ya Aprili na Septemba huja mbayuwayu wa buluu kutoka kusini mwa Afrika. Wanyama wa mbugani hutoka kivulini jioni, kwa hiyo saa ambazo ziwa halifai ndizo saa zinazofaa kwa Ruma.

Kwa wanaopenda kupanda, kilima cha Got Asego kiko juu tu ya mji wa Homa Bay. Mtu akianza kupanda jua likipoa, hufika kileleni wakati ghuba yote imegeuka rangi ya shaba. Katika usiku usio na mwezi, msimu wa omena ukiwa wazi, taa za wavuvi huwaka majini kama mji mwingine. Mgeni hana haja ya kupanda mashua ili kuziona. Kiti cha ufuoni kinatosha.

Mgeni wa saa nane

Sasa tuseme mgeni na familia yake wanafika Mbita saa nane mchana. Wametoka Nairobi na wana siku mbili. Wanataka Mfangano leo hii, walale huko, na wako tayari kulipa zaidi. Mwendesha mashua wa kwanza anakubali. Wanaondoka saa tisa na kuingia mkondoni upepo ukiwa umekaza. Labda watafika. Mara nyingi watu hufika, na hapo ndipo penye mtego, kwa maana kila safari iliyofika salama humfundisha mtu kwamba hakuna hatari, hadi siku isiyofika.

Mwelekezi wa pili anawaambia: leo si saa yake, lakini mchana wenu haupotei. Anawapeleka Rusinga kwa gari. Wanaona kaburi la Tom Mboya, wanasikia habari za Proconsul, wanakula samaki jioni, wanalala Mbita au Rusinga na kuziona taa za omena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanavaa jaketi za kuokoa maisha na kuondoka maji yakiwa yametulia. Wanafika Mfangano mapema, wanaiona michoro, kisha ama wanarudi kabla ya adhuhuri ama wanalala kisiwani na kurudi asubuhi inayofuata. Wakirudi mapema, alasiri yao ni ya Ruma.

Hebu tuhesabu waliopata. Katika safari ya kwanza alilipwa mwendesha mashua peke yake. Katika ya pili alilipwa mwenye gari, mwelekezi wa Rusinga, mama wa hoteli, mwenye nyumba ya kulala, mwendesha mashua yule yule kwa safari yake ya asubuhi, na mwelekezi wa michoro. Mwenye mashua hakupoteza nauli. Aliisogeza tu hadi kesho yake. Watoto wa mgeni huyo hawakupigwa na mawimbi wala kutapika njia nzima, na nyumbani watakwenda kusimulia mazuri.

Ni kweli kwamba anayekataa safari ya alasiri huogopa kwamba jirani yake ataichukua. Woga huo hauwezi kuondolewa na mtu mmoja. Unaondolewa na ufuo mzima ukikubaliana. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kikiweka saa ya mwisho ya kupakia wageni, na kila mwenye mashua akaifuata, hakuna atakayepoteza kwa kuwa mwangalifu.

Kabla kamba haijafunguliwa

Yapo mambo machache ambayo hayana mjadala. Kila aliye mashuani, akiwemo anayeendesha, avae jaketi ya kuokoa maisha na kuifunga. Jaketi iliyokaliwa kama mto haimwokoi mtu. Ziwepo za watoto, kwa kuwa jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto majini. Mashua iwe imekaguliwa kulingana na masharti ya Mamlaka ya Bahari nchini (KMA), na isibebe zaidi ya uwezo wake hata mgeni akisisitiza kwamba wote ni familia moja.

Orodha ya majina ibaki ufuoni kwa mtu anayejulikana, pamoja na mahali pa kwenda na saa ya kurudi. Mafuta yawe ya kwenda, ya kurudi na ya akiba. Simu iwe imechajiwa na kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Anga likianza kuwa jeusi, au mstari wa povu jeupe ukionekana mbali majini, mashua igeuze au itafute kisiwa cha karibu. Dhoruba ikiwakuta njiani, abiria wakae chini katikati, wasikimbilie upande mmoja, na mbele ya mashua ielekezwe kwenye mawimbi badala ya ubavu.

Ufuoni nako kuna tahadhari zake. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na hurudi alfajiri, kwa hiyo mtu asisimame kati yake na maji. Mamba wapo. Katika maji mafupi yaliyotulia na yenye majani huishi konokono wanaoeneza kichocho. Mgeni aambiwe ukweli kabla ya kuogelea, na aliyekwisha kuingia ashauriwe kupimwa hospitalini baadaye. Mgeni hakimbii kwa kuambiwa ukweli. Humwamini zaidi anayeusema.

Mabibi na mabwana,

Kaunti nyingi zina mlima, na nyingine zina mbuga. Hapa kuna vyote, na juu yake kuna ziwa ambalo watu wa mbali huja kuliona. Ziwa hilo halihitaji kuogopwa, na halifai kuzoewa kupita kiasi. Lina saa zake, na anayezifuata hulipata likiwa katika hali yake nzuri. Wahenga walisema, kawia ufike. Kwenye ziwa hili, kukawia ni usiku mmoja wa kulala Mbita, sahani ya samaki, na mashua inayoondoka kwenye maji matulivu jua likichomoza.